Kuteremka Mkwajuni

Akina mama wenzetu, wengi tukisikia Mbeya tunawaza baridi, ukungu na viazi. Sisi pia tulivaa masweta asubuhi ile ya Oktoba, akina mama wanne wa kwaya pamoja na kijana wetu dereva, tulipokwisha kumkabidhi Mungu safari. Kabla ya saa sita mchana masweta yote yalikuwa chini ya viti.

Ni safari ya siku moja, kwenda na kurudi. Kutoka Mbalizi hadi Mkwajuni hazifiki kilomita mia moja, lakini ni kama kuhama nchi. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa, ambako maji ya bonde lote huelekea, liko mita 800 hivi. Ardhi ilipasuka ikadidimia, na hilo ndilo Bonde la Ufa. Maji yakishaingia Rukwa hayana pa kutokea, hupungua kwa jua tu.

Tulichepuka kwanza kwenda kuona chemchemi za moto za Songwe. (Msichanganye: iko mito miwili yenye jina hili. Mmoja huenda Ziwa Nyasa na ni mpaka wetu na Malawi. Huu wetu huenda Rukwa.) Maji hutoka yakifuka mvuke, mengine yamepita nyuzi 70, hivyo shikeni watoto mikono. Yamebeba chokaa kutoka chini ya ardhi, na yakifika hewani chokaa hiyo huganda kuwa jiwe. Kwa miaka maelfu mawe hayo yamejijenga kuwa kuta ndefu, nyeupe na za rangi ya kahawia, na mto umepita katikati ukizichonga. Tulikaa kimya muda mrefu. Kisha, kwa upumbavu wetu, tukanawa vumbi kwa maji baridi ya dumu letu mpaka likabaki tupu.

Tukarudi barabarani, tukateremka. Majani yalikuwa makavu, miti imepukutika, mibuyu imesimama peke yake. Vijito tulivyovuka vilikuwa mchanga mtupu. Tukasema, kwa kweli tulisema, kwamba huku hakuishi mtu.

Mbele ya Galula, penye misheni kongwe ya Wakatoliki, gari lilichemsha. Dereva alifungua boneti, akatutazama, nasi tukatazama dumu. Tulimkumbuka Hajiri jangwani, ila Hajiri hakuwa amenawia miguu maji yake.

Baada ya nusu saa alitokea bibi mmoja na ndoo kichwani, juu ya ngata.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, wanangu. Poleni.”

Hakungoja tuombe. Alitua ndoo, akasubiri rejeta ipoe, akampa dereva kata. Maji yale yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Alituonyesha alikoyapata: shimo alilofukua katika mchanga wa mto, ambamo maji hujikusanya kidogo kidogo, kata moja baada ya nyingine. Gari likanywa karibu ndoo nzima. Tulipotoa pesa alicheka, akasema pesa hazipiki ugali bila maji, akajitwika ndoo tupu akarudi mtoni.

Mkwajuni tulifika kimya. Ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, iliyomegwa kutoka Chunya; mkoa wenyewe ulitolewa Mbeya mwaka 2016. Jina ni la mti, mkwaju. Tulikunywa juisi ya ukwaju, na kwa joto lile hatukutamani soda. Nchi hii ni ya dhahabu tangu miaka ya 1920, watu walipoanza kuichimba Lupa. Mgodi wa zamani wa Saza ulifungwa miaka ya 1950, na wachimbaji wadogo bado wapo kila upande. Vijana wamejaa vumbi jekundu hadi kope. Tungependa kukaa zaidi, lakini mawazo yetu yalikuwa nyuma.

Tulinunua madumu mawili, tukayajaza, tukaongeza sabuni na sukari. Jua lilikuwa linatua, kuta za bonde zimekuwa nyekundu kama makaa, tulipofika pale. Bibi hakuwepo. Watoto wawili waliokuwa wakichunga mbuzi walimjua mara moja tulipoeleza.

“Ni bibi yetu. Yuko mtoni.”

Walibeba dumu la kwanza wakishirikiana, wakarudi kwa la pili. Tukawangoja mpaka wamalize, kisha tukaanza kupanda mlima, tukitafuta masweta gizani.