Kununua Baiskeli Kuukuu

Mtu anunuapo ng'ombe hatosheki na rangi ya ngozi. Hutazama meno, macho, kwato na mwendo, kwa kuwa rangi haitoi maziwa. Katika nchi ya Loitokitok, ambako mifugo imejulikana kwa vizazi vingi, hata mtoto mdogo ana elimu hii. Walakini mtu yuyo huyo anunuapo baiskeli iliyokwisha kutumika, aghalabu huiacha elimu hiyo nyumbani; huvutwa na rangi ing'aayo, akasahau kuuliza fremu imefanywa kwa kitu gani. Kwa maoni yangu, baiskeli nayo yafaa ihukumiwe kwa mifupa yake, na mifupa ya baiskeli ni fremu.

Loitokitok iko chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa kaskazini, karibu na mpaka wa Tanzania. Barabara kuu ina lami, lakini njia ziendazo mashambani na maboma ya wafugaji ni za vumbi na mawe wakati wa kiangazi, na za tope wakati wa masika. Baiskeli ya mlimani, yenye tairi nene na gia nyepesi za kupandia, ndiyo ifaayo hapa. Mpya ni ghali. Kwa hiyo watu wengi hununua kuukuu, zilizoletwa kwa meli kutoka ng'ambo, zikauzwa Nairobi, Kitengela na miji mingine.

Baiskeli za namna hii hazina umri mkubwa. Asili yake ni wilaya ya Marin huko California, Marekani, ambako katika miaka ya 1970 vijana waliteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli nzito za zamani. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu mpya kwa ajili ya mchezo huo, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilianza kuuza Stumpjumper, mojawapo ya baiskeli za mlimani za kwanza kutengenezwa kwa wingi. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili, Nicholas Crane na binamu yake Richard, walipanda Kilimanjaro na baiskeli za mlimani, na kitabu cha safari yao kilichapwa mwaka 1985. Hivyo mlima tuutazamao kila asubuhi una fungu lake katika habari hii.

Fremu za Breeze na za Stumpjumper za kwanza zilikuwa za chuma, lakini chuma hicho si ndugu wa kile cha lango. Ni feleji iliyotiwa kromi na molibdeni kidogo, nayo ina nguvu sana hata bomba lake laweza kufanywa jembamba. Katika fremu nyingi zilizo njema, unene wa ukuta wa bomba ni kama milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati. Ncha huachwa nene kwa sababu ndipo mabomba yanapoungana na ndipo mzigo unapokaza. Katikati hupunguzwa ili uzito upungue. Ufundi wa mabomba ya namna hii ulipewa hataza Uingereza mwaka 1897, kwa jina la Alfred Reynolds wa Birmingham. Mpandaji hauoni unene huo kwa macho, lakini magoti yake huushukuru mlimani. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Aluminiamu ina sifa zake. Uzito wake ni kama theluthi ya uzito wa chuma, na haili kutu nyekundu. Lakini ukakamavu wake nao ni kama theluthi, na ndiyo sababu mabomba yake hufanywa mapana. Tena kuna tofauti moja iliyo kubwa kuliko hizo. Chuma kikitikiswa kwa mitikiso iliyo chini ya kiasi fulani, chaweza kustahimili mamilioni kwa mamilioni. Aluminiamu hudhoofishwa kidogo kidogo hata na mitikiso midogo. Wenye viwanda wanalijua jambo hili, nao huiongeza unene ili idumu miaka mingi. Lakini mnunuzi wa kuukuu hajui ni miaka mingapi imekwisha kuliwa.

Mwaka 2022 nilifuatana na mpwa wangu kwenda Kitengela. Alikuwa amemaliza shule, akakodi shamba dogo Kimana, akavuna vitunguu vyake vya kwanza. Fedha alizozifunga katika leso zilikuwa jasho la msimu mzima. Muuzaji mmoja alituonyesha baiskeli nyekundu yenye springi mbele, iliyong'aa kama imetoka kiwandani jana.

"Mjomba, hii ndiyo yangu," akasema mpwa wangu.

Nilitoa sumaku mfukoni nikaigusisha kwenye fremu, haikushika. Nikajua kuwa ni aluminiamu. Kisha nikapitisha kitambaa cha pamba chini ya bomba kubwa, mahali linapokutana na bomba la mbele lizungukamo shingo ya usukani. Kitambaa kikanasa. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Muuzaji alisema ni mkwaruzo wa rangi tu. Mpwa wangu akapitisha ukucha, ukazama, akanyamaza. Fremu ikikatika hapo katika mteremko, mpandaji huanguka kwa uso. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa aluminiamu hauzibwi barazani. Kuichomelea kwahitaji mashine na ustadi maalum, na aina nyingi hazirudiwi na nguvu zake mpaka zitiwe tena katika tanuri.

Nyuma, ikiegemea ukuta, ilikuwako nyingine ya kijivu iliyopauka. Sumaku ilishika. Sumaku hushika chuma chema na chuma hafifu sawasawa. Kwa hiyo tuliinyanyua, tukaiona nyepesi, na chini ya kiti tukakuta karatasi iliyotaja kromi na molibdeni. Tulifunga uzi upande mmoja wa ekseli ya nyuma, tukauzungusha bomba la mbele, tukaurudisha upande wa pili. Tulipima nafasi iliyokuwa kati ya uzi na bomba lililo chini ya kiti, kulia na kushoto. Zilikuwa sawa, maana yake fremu haikupinda. Mwisho tulijaribu nguzo ya kiti kama yazunguka, kwa kuwa nguzo ya aluminiamu iliyoachwa miaka mingi ndani ya chuma huweza kushikana nacho isitoke tena. Ilizunguka. Bei yake ilikuwa ndogo, na fedha zilizobaki zilinunua tairi mbili na mipira ya breki.

"Mjomba, wenzangu watanicheka," akasema njiani.

"Watacheka mkiteremka kwenda Kimana," nikamjibu. "Mkipanda kurudi Loitokitok watakosa pumzi ya kuchekea."

Sisemi kuwa kila kilicho cha zamani ni chema. Chuma huliwa na kutu kwa ndani maji yakikaa katika mabomba, nacho pia hupasuka kikionewa. Mtu akaaye Lamu au Mombasa, ambako hewa ya bahari ina chumvi, ana sababu ya kuipenda aluminiamu kuliko mimi. Titani haishiki kutu, lakini bei yake ni kubwa na kuiunga ni kazi ya wachache. Nyuzi za kaboni ni nyepesi mno, lakini zikigongwa huweza kuficha jeraha ndani. Kila kitu kina mahali pake.

Mahali petu pana vumbi, mawe, na fundi mwenye moto, shaba na mkono mtulivu. Fundi ajuaye kazi yake huunga bomba jembamba la chuma bila ya kulitoboa, na kijana hurudi shambani jioni ile ile. Kwa hiyo, wewe msomaji uliye kijana, siku utakapokuwa na fedha mkononi, uliza kwanza chombo kimefanywa kwa kitu gani, kisha uliza kikivunjika nani katika mji wenu aweza kukitengeneza. Rangi utaweza kuipaka mwenyewe siku yoyote.