Chumba cha Cherehani Kabla ya Mama Kuhamia



Nyumba ya fundi haina kona tupu. Sisi tunaoandika ni mume na mke, washonaji wa Morogoro. Tumeishonea parokia yetu na vigango vyake sare za kwaya, mavazi ya watumishi wa altare, vitenge vya WAWATA, na kanzu za mafrateri kadhaa ambao huenda wanasoma hapa. Kazi yote hiyo imepita katika chumba kimoja cha nyumbani kwetu, futi 10 kwa 12. Kwa miaka 17 chumba hicho kilikuwa kinapokea tu.

Mwaka huu, kabla ya Kwaresima, ndugu walikaa kikao wakakubaliana kwamba mama mzazi wa mmoja wetu asiendelee kuishi peke yake kijijini. Magoti yamechoka, na macho nayo yanafifia. Nyumba yetu ina vyumba vitatu: chetu, cha watoto na cha cherehani, kwa hiyo hesabu haikuwa ndefu. Ugumu ulikuwa kwamba cherehani hizo mbili ndizo ada ya shule na ndizo unga wa nyumbani. Mama apate chumba, na kazi isife. Tulijipa muda hadi Jumapili ya Matawi.

Mmoja wetu (hatutamtaja, ila ndiye mwenye nyundo) alipendekeza tupige rafu mpaka darini, vitu vyote vipande juu na kitanda kikae chini. Mwenzake akamuuliza kama hilo si ghala la yule tajiri wa Luka sura ya 12, aliyebomoa maghala madogo ili ajenge makubwa. Nyundo ikarudi stoo. Tukakubaliana jambo moja: hatupangi kitu kabla hatujajua ni nini, ni cha nani na kinangoja nini. Jumamosi tukatandika mikeka uani, tukatoa vyote nje.

Vilivyo rahisi vilikwisha haraka. Mikasi saba, miwili ndiyo inayokata. Uzi wa zamani tuliupima kwa kuuvuta: unaokatika mikononi utakatika pia kwenye mshono, hakuna sababu ya kuuhifadhi. Lastiki iliyokauka haifufuki. Sindano zilizovunjika tulizitia kwenye kopo la maziwa tukaliziba kwa nyundo, maana watoto wa jirani hupita pekupeku. Wengi tunapofikiria nguo zilizowekwa tunamkumbuka nondo wa Injili. Nondo hula sufi na hariri. Poliesta ya sare za kwaya haimshughulishi. Kwetu adui ni ukungu wa masika na panya, na wote wawili walikuwa wametutangulia kwenye viroba vya chini.

Viroba hivyo vya mabaki vilikuwa tisa. Hapo ndipo tulipobishana kweli. Fundi yeyote Mkatoliki ana mstari wake wa kujitetea, nao ni Yohane sura ya 6, pale Bwana anapowaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki kisipotee kitu. Sisi tumeutumia mstari huo miaka yote. Lakini safari hii tulijiuliza: mkate ule ulikuwa wa shayiri. Injili haisemi vikapu 12 vilipelekwa wapi, ila mkate wa shayiri hauwezi kukaa miaka 17. Kukusanya ili kisipotee ni jambo moja, na kukusanya mpaka kiote ukungu ni kukipoteza polepole. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alikemea utamaduni wa kutupa, nasi tunamwitikia kwa moyo wote. Hatudhani alikuwa anatetea viroba vyetu.

Vipande vikubwa vya pamba vimekuwa mifuko ya sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya kitambaa haikosi mnunuzi, na binti yetu aliyemaliza kidato cha nne ndiye anayeishona. Vipande vidogo vimejaza mito miwili, mmoja wa mama. Vilivyooza tulivichoma.

Kisha tukafika kwenye rafu ya nyuma ya mlango. Hapo kulikuwa na vitambaa vya watu: vipande 31, kila kimoja kimefungwa na karatasi yenye jina na vipimo. Wateja waliolipa nusu wakahama. Wengine walileta kitambaa wakasema watarudi na hela, hawakurudi. Majirani waliokuja kututia moyo walituambia: vimekaa miaka, gaweni kwa maskini, ni Kwaresima, mtapata baraka. Neno zuri, lakini sadaka hutolewa katika kilicho chako. Katekisimu, namba 2409, inahesabu chini ya amri ya saba hata kubaki kwa makusudi na vitu vilivyoazimwa au vilivyookotwa. Kitambaa cha mteja hakikuazimwa wala hakikuokotwa, ila kina mwenyewe vilevile. Huruma kwa maskini haiwezi kulipiwa na kitambaa cha mtu mwingine.

Basi tulichukua daftari la vipimo tukapiga simu wiki mbili nzima, jioni baada ya kazi. Tukatangaza katika jumuiya yetu na katika jumuiya jirani. Watu 14 walikuja, wengine wakicheka, mmoja akishangaa kwamba bado kipo. Kulikuwa na kitambaa cha suruali, rangi ya kijivu, cha baba mmoja wa jumuiya yetu aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Tulikipeleka nyumbani kwake. Mjane alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka mapajani, akakaa kimya muda mrefu, kisha akamwita kijana wake asimame tumpime. Kitambaa kilitosha. Hatukudai ushonaji.

Kwa vile ambavyo wenyewe hawakupatikana tulimwendea paroko. Jibu lake lilikuwa fupi: wekeni muda wa kungoja unaoeleweka, utangazwe, na ukipita vyende kwa wahitaji, huku mkiandika kila kilichotoka, ili mwenyewe akitokea mweze kumlipa. Daftari hilo linaning'inia msumarini, na muda tuliouweka unaishia Novemba.

Jambo jingine tulilompelekea paroko lilihusu sanduku la bati la kigango kimoja. Ndani mlikuwa na kasula nyeupe iliyogeuka manjano, stola mbili zilizochanika, na purifikatori kadhaa, yaani vile vitambaa vya kufutia kalisi. Vililetwa virekebishwe. Vingi havikurekebishika, na viongozi wa kigango wakatuambia tuvitumie tunavyoona. Mabinti walikwisha kukiona kitambaa cha kasula wakataka kufanya foronya. Hapo mafrateri watusahihishe tukikosea, lakini kanuni ya 1171 ya Sheria za Kanisa iko wazi: vitu vitakatifu vilivyowekwa kwa ibada kwa kubarikiwa vitendewe kwa heshima, visitumike kwa mambo ya kawaida, hata vikiwa mali ya mtu binafsi. Kasula ilichomwa na majivu kufukiwa nyuma ya sakristia. Mapambo yake ya dhahabu, yaliyokuwa bado mazima, tuliyatoa tukayashonea kwenye stola mpya ya kigango hichohicho, kwa kuwa hapo hayatoki katika ibada. Purifikatori mbili zilizofaa tulizifua kwanza kwa mkono, maji ya kwanza tukayamwaga ardhini mahali safi, kama hati ya Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 inavyosifu, ndipo tukazifua kawaida. Waamini wengi hawajui utaratibu huu, na tungependa masakristia waufundishe zaidi, maana vitambaa hivi hufuliwa majumbani mwetu.

Baada ya hayo yote kupanga kulikuwa kazi ya siku moja. Hatukupanga kwa rangi, ingawa rangi hupendeza macho. Tulipanga kwa kazi: kilichokatwa kinachongoja kushonwa, kilichoshonwa kinachongoja vifungo, kilichokwisha kinachongoja mwenyewe. Masanduku matatu tu, na la tatu likijaa hatupokei kazi mpya mpaka lipungue. Meza ya kukatia na cherehani vimehamia barazani, vinafunikwa kwa turubai usiku. Mvua ya upepo inasumbua, hatufichi.

Katika siku hizo tulisoma pamoja Matendo ya Mitume 9, habari za Tabitha, ambaye jina lake lina maana ya paa. Alikuwa mshonaji kama sisi. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowatengenezea alipokuwa nao. Tulikaa juu ya neno hilo. Hakuna aliyemwonyesha Petro jora alilolihifadhi. Baada ya hapo mmoja wetu alitoa mwenyewe, bila kuombwa, doti nne za khanga za Urafiki alizokuwa akizificha tangu harusi yetu. Mbili amezivaa. Moja alimpa mjane yule, na moja iko kitandani kwa mama.

Mama alifika Jumatatu ya Pasaka. Siku ya pili aliomba chupa ya vifungo, akakaa dirishani kuvitenga kwa kuvipapasa, vyenye matundu mawili huku na vyenye manne kule. Anatusaidia kweli, vifungo vya kanzu tulikuwa tukivitafuta nusu saa.

Mafrateri, tunamalizia na ninyi. Sanduku la tatu lina kanzu nyeusi tatu, zimekwisha, zimepigwa pasi, na namba zilizo daftarini hazipatikani tena. Moja ina mkono wa kushoto uliofupishwa kidogo kwa ombi la mwenyewe. Mwenyewe atajijua. Aje Jumamosi asubuhi, apitie barazani.