Mfano wa Kestrel

Kukata kitu kizima kwa hiari ni jambo zito kuliko kuunga kilichovunjika. Nililijua hilo nilipoweka msumeno juu ya vichwa viwili vya garimoshi vya plastiki, mifano ya jamii ya 47, nilivyorithi kwa marehemu kaka yangu.

Nilitaka kufanya mfano wa Kestrel, kichwa cha dizeli chenye nguvu za farasi 4,000, kilichoundwa na Brush mjini Loughborough, Uingereza, mwaka 1967. Kiliundwa kimoja tu. Mwaka 1971 kikauzwa Muungano wa Sovieti, na huko kikaishia kuvunjwa. Katika kipimo changu futi moja ni milimita 4. Kestrel iliizidi jamii ya 47 kwa futi 3. Basi bodi ya kwanza ilihitaji nyongeza ya milimita 12, nayo ilikuwa lazima itoke katika bodi ya pili.

Siku tatu mkono ulikataa. Siku ya nne nilikata, nikaunga kwa gundi, nikapiga tupa, nikapaka rangi ya manjano juu na kahawia chini. Magurudumu na viunzi vyake sikuvigusa, maana Kestrel yenyewe baadaye ilivalishwa vya namna hiyo hiyo.

Alama ya kiungo bado yaonekana penye mwanga. Sikuificha. Kila niionapo nakumbuka kwamba katika kazi ile wamo ndugu wawili: aliyenunua, na aliyekata.