Chambo na Mahali

Mara nyingi mnatuuliza ni chambo gani kifaacho katika Ziwa Tanganyika. Inategemea samaki. Ngege humtosha tonge dogo la ugali uliokandwa ukashikamana, penye maji tulivu karibu na matete. Kuhe, ambaye hapatikani katika ziwa jingine lolote, hula samaki wenzake. Huyo mtegee ndagala mzima, au kipande cha bati king'aacho, ukikivuta polepole pale mchanga unapokutana na mawe, asubuhi kabla ya upepo.

Hayo tulifundishwa na marehemu baba yetu, kusini mwa Uvira, njia ya Makobola. Jambo moja tulijifunza wenyewe, na vibaya. Tulikuwa na miaka 12. Karibu na ufuo tuliona kuhe wawili wamesimama, watoto wao wakiwazunguka kama wingu. Tukatupa bati. Mmoja aliling'ata mara moja, si kwa njaa, bali kwa kuwa lilikaribia watoto. Tukamvuta tukishangilia. Tulipotazama tena majini, samaki wengine walikuwa wamekwisha kulivamia lile wingu, na yule aliyebaki akikimbia huku na huku.

Mama alimpika. Baba aliuliza tulimpatia wapi. Tulipomwambia, akanawa mikono asile.

Hadi leo tukiwaona wawili wamesimama hivyo, tunakunja mshipi na kusogea kwenye mawe makubwa. Huko ndoana hunasa ovyo, nasi tumepoteza nyingi.