Neema Ilivyomponza Kobe Wetu

Kobe wa nyumbani kwetu aliitwa Kabula, kwa kuwa babu alimkuta njiani siku mvua za kwanza zilipoanguka, na kwa Wasukuma mtoto wa kike anayezaliwa wakati wa mvua hupewa jina hilo. Alikuwa kobe yule mwenye madoa meusi juu ya gamba la manjano, ambaye wataalamu humwita kobe chui. Vizazi vitatu vya ukoo wetu vimemlisha, kwanza kijijini Shinyanga, kisha Mwadui, kisha Geita. Aliyetaka kujua hali yetu ilivyokuwa ikipanda angetazama tu tulichomtupia Kabula. Na aliyetaka kujua afya ya Kabula ilivyokuwa ikishuka, angetazama hapohapo.

Mwanzoni kwa babu hakuna aliyemlisha. Boma lilizungushiwa minyaa, na nyuma yake palikuwa na ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza ili ng'ombe wayakute kiangazi. Asubuhi Kabula alipenya chini ya ua, akala ukoka, kongwe, mchunga na majani machanga aliyoyafikia, kisha jua likiwa kali akarudi kujilaza kivulini chini ya ghala. Kilichotuchekesha watoto ni mapenzi yake ya mifupa. Mbwa wakishauacha mfupa mweupe, umekauka, yeye huusogelea taratibu, akainamisha kichwa, akaanza kuukwangua kwa mdomo wake usio na meno. Krr, krr, krr. Ukikaa jikoni unasikia. Sisi tulitaka kumnyang'anya, bibi akatukataza: “Mwacheni, anajua anachokitafuta.”

Bibi hakusoma, lakini alisema kweli. Kobe chui akiwa porini huguguna mifupa, hula hata kinyesi cha fisi ambacho huwa cheupe kwa mifupa iliyosagika, ili apate madini ya kujengea gamba lake na maganda ya mayai yake. Nyasi zilimpa nguvu, mifupa ilimpa kalisi, na jua la Shinyanga, ambalo halina uchoyo, liliusaidia mwili wake kuitumia kalisi hiyo. Hakukosa kitu.

Aliyeanza kukosa ni Shinyanga yenyewe. Tangu enzi za Mwingereza mapori yalifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, kuni na mkaa vikazidi kutakiwa. Miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, ngitili nyingi zikabaki nyuma bila mwenyewe. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alizuru mkoa huo akauita jangwa la Tanzania, na hakuna mtu wa kwetu aliyebisha. Kiangazi nyuma ya boma palikuwa vumbi tupu. Kabula akitoka asubuhi alirudi kama alivyotoka. Ndipo bibi alipoanza kumwekea ukoko wa ugali wa mtama na vipande vya michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyolowekwa. Ilikuwa huruma, na ilimvusha. Lakini tangu hapo Kabula akawa mla vya watu.

Baba alipopata kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, ule uliotokana na ugunduzi wa John Williamson mwaka 1940, Kabula alisafiri nasi ndani ya gunia. Nyumba za mgodi zilikuwa na nyua zilizofagiwa zikang'aa, jani moja halioti. Badala ya michembe kukaja mkate, wali uliobaki na maembe ya msimu. Majirani walimsifu: kobe wa wafanyakazi, anakula mkate! Mama alijisikia vizuri, kwa sababu kwetu mgeni hupimiwa mapenzi kwa chakula anachowekewa, na Kabula alikuwa zaidi ya mgeni.

Kilele kilikuwa Geita. Mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kuzalisha mwaka 2000, mji ukafura, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Nilihamia huko na Kabula, nikafungua duka la zana za wachimbaji wadogo. Nyumba ilikuwa ya tofali, uwanja wa sementi, ukuta mrefu uliolificha jua mpaka karibu na adhuhuri. Wachimbaji waliotoka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na fedha mfukoni hawakupita mikono mitupu. Kila mmoja alikuwa na chake cha kumtupia “bibi kizee”: papai, ndizi mbivu, tikiti, biskuti. Watoto walimwongezea dagaa na makombo ya mbwa. Kabula alikula vyote, tena kwa haraka ambayo hukuitegemea kwa kobe.

Mwili wake ukaanza kusema. Kinyesi kilichokuwa kikavu, chenye nyuzi za nyasi, kikawa uji. Mdomo wa juu ukarefuka na kupinda kama wa kasuku, kwa sababu vyakula laini havikumpa cha kuusugulia, hata akawa anahangaika kukamata jani. Kisha akataga kwenye kona ya uwanja, na mayai yalikuwa na maganda membamba yaliyobonyea chini ya kidole.

Daktari wa mifugo aliyekuja alizoea ng'ombe na kuku, lakini alilijua tumbo la mla nyasi. Akatueleza kwamba kobe huyu chakula chake huchachushwa taratibu sehemu ya nyuma ya utumbo na vijidudu vinavyotaka nyuzinyuzi. Ukimjaza matunda na sukari, vijidudu hivyo vinavurugika, ndilo lile harisho. Dagaa na makombo ya nyama vina protini nyingi kuliko figo zake zinavyoweza kubeba, na wengi hufa kwa figo huku wenye nyumba wakidhani ni uzee. Kobe wadogo wanaokuzwa kwa vyakula vya namna hiyo, ndani ya nyumba kavu isiyo na jua, vigae vya magamba yao hutuna na kuchongoka, na haviwezi kurudishwa. Hata mboga si zote ni sawa: spinachi na mchicha vina asidi inayoikamata kalisi isitumike, kwa hiyo ni za mara mojamoja.

Binamu yangu aliyeko Marekani, ambaye mwanawe anafuga igwana, alicheka nilipomsimulia. Igwana wa kijani, mjusi mkubwa wa Amerika ya Kati na Kusini, naye ni mla majani, na kwa miaka mingi huko walishauriwa kumpa nyama na chakula cha makopo cha mbwa ili akue upesi. Alikua upesi, akafa upesi, kwa figo zilezile. Siku hizi wanampa sukuma wiki na majani mengine ya kijani, na wanamnunulia taa maalumu ya kumpa miale ambayo kwetu inamwagika bure toka asubuhi hadi jioni. Nilipofunga simu nilimhamishia Kabula upande wa uwanja uliopata jua.

Kumrudisha kwenye nyasi Geita si kazi nyepesi kama inavyosikika. Majani mabichi ya kiangazi hupatikana penye maji, na penye maji ndipo penye mialo ya kuoshea dhahabu. Huko kuna zebaki, na kwenye marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa, kuna sianidi. Tembele linalostawi pembeni ya mwalo halifai kwa kobe wala kwa mwanadamu. Tulitafuta ukoka mbali na karasha za kusagia mawe, tukakausha mwingine kwa ajili ya kiangazi, tukasaga maganda ya mayai ya kuku na kunyunyizia juu. Mwanzoni Kabula alisusa. Aliukanyaga ukoka, akazunguka uwanja akitafuta papai. Daktari alisema tusimhurumie, na njaa ikamfundisha upya.

Wakati huo kijijini mambo yalikuwa yamegeuka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kumalizika 2004, haukuja na miti ya kigeni peke yake. Uliwaambia wazee wafungue tena elimu yao ya ngitili. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa malisho na miti, na nyuma ya boma la babu, ambako sasa anakaa kaka yangu, nyasi zikafika magotini. Tulifuata taratibu za maofisa wa wanyamapori, Kabula akahamishiwa kwa kaka. Kinyesi chake leo ni kikavu, na mdomo umechakaa wenyewe kwa kazi. Kaka humwekea maji kwenye kigae cha chungu, na mfupa mmoja mkavu. Zaidi ya hapo hamlishi kitu.

Kwa anayesoma haya akiwa na hamu ya kuokota kobe porini, amwache alipo. Kobe ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumweka nyumbani bila kibali. Tena anaweza kuishi zaidi ya miaka 50, kwa hiyo unayemwokota leo utawaachia wajukuu. Mwenye kibali chake na ampe nyasi, majani ya porini, kalisi, maji na jua. Papai ale mwenyewe.