Kabla ya kununua kulase mpya

Kwa nyumba nyingi za Kamalondo siku bila bukari si siku iliyotimia, na bukari hakuna bila mashini ya kusaga. Umeme wa SNEL unapokatika, mashini za umeme zinanyamaza, na watu wanabeba mahindi yao kwenda kutafuta mashini ya mazuti. Kikundi chetu kina moja. Ni ndogo, ina silinda moja, inapozwa kwa maji na inawashwa kwa manivela. Tuliinunua kwa pesa za likelemba, na faida yake ndiyo inayolipa minerval ya watoto wetu. Ndiyo maana ilipoanza kukohoa, tulikohoa nayo sote.

Ilikuwa mwezi wa 6, wakati wa baridi. Asubuhi ilitulazimu kupokezana manivela mpaka mikono inauma, na ilipowaka ilitoa moshi mweupe mwingi. Halafu nguvu ikapungua: mahindi yakijaa kidogo tu, mashini inataka kuzima. Fundi wa kwanza aliitazama kwa dakika chache, akasema: “Ba mama, hii kulase ilishakufa. Mununue ya mupya.” Bei aliyotaja ingemaliza pesa zote tulizowekea kufunguliwa kwa shule mwezi wa 9. Wenzetu wengine wakasema tuuze mashini yote kama chuma. Tulibishana jioni mbili. Mwisho tukakubaliana kwamba hatutoi hata franka moja kabla ya kuonyeshwa ubovu kwa macho.

Tukamwita mzee mmoja, fundi mstaafu wa Gécamines. Yeye hakuanza na bei. Alianza kwa kutueleza.

Mashini ya mazuti haina buji ya kutoa cheche. Pistoni inapanda na kubana hewa mpaka ibaki sehemu ndogo sana, mara nyingi chini ya moja ya kumi na sita ya ile iliyoingia. Hewa ikibanwa hivyo inapata joto, kama vile pampu ya baiskeli inavyopata joto mkononi, ila hapa joto linapita digrii 500. Mazuti yakinyunyizwa ndani ya joto hilo yanawaka yenyewe. Kulase ndiyo kifuniko cha juu cha silinda. Ndani yake mna supapu mbili: moja inaingiza hewa, nyingine inatoa moshi. Zisipofunga vizuri hewa inatoroka, joto halifiki, na mazuti hayawaki sawasawa. Kwa hiyo manivela inakuwa nyepesi kuliko kawaida, lakini mashini haiwaki.

Akatuambia tuzungushe pole pole, sikio karibu na bomba la moshi. Tukasikia wote: fsss. Ilikuwa supapu ya moshi. Kama sauti ingetoka upande wa hewa, ingekuwa ile nyingine. Kama maji ya kupozea yangetoa mapovu mashini ikitembea, tungeshuku gasketi ya kulase, au kulase yenyewe kupasuka.

Kazi ilichukua siku mbili, na tuliifanya naye. Tulimwaga maji, tukatoa bomba la mazuti, tukalegeza nati za kulase kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba, ili chuma kisipinde. Tulikwangua masizi. Tulibana springi, tukatoa vile vipini vidogo vinavyoshikilia supapu, tukaviweka ndani ya sahani ya chakula visipotee. Kila supapu tuliitia alama, irudi mahali pake.

Kisha tukaanza kusugua. Unapaka dawa yenye chenga ukingoni mwa supapu, unaizungusha kwenda na kurudi juu ya kiti chake, unainua, unageuza, unaendelea. Kwanza dawa ya chenga kubwa, halafu laini. Unaacha pale unapoona duara moja la kijivu, lenye upana sawa, lisilokatika. Kazi hii haitaki nguvu, inataka subira, na subira mama yeyote aliyewahi kuchambua mchele anayo. Baada ya hapo tuliosha kila kitu kwa mazuti safi mara kadhaa, kwa sababu dawa hiyo ikibaki ndani itakula silinda.

Jaribio lake ni rahisi. Tulirudisha supapu na springi zake, tukamimina mazuti ndani ya tundu la moshi, tukangoja. Hakuna tone lililopita. Tukaweka rula iliyonyooka juu ya uso wa kulase na kutazama mwanga chini yake: ulikuwa sawa. Kulase iliyoitwa maiti ilikuwa nzima.

Tulinunua gasketi mpya tu, na dawa ya kusugulia. Nati tulizikaza tena kwa msalaba, kwa raundi tatu. Mwisho tukapima nafasi kati ya supapu na mkono unaoisukuma, mashini ikiwa baridi na supapu zote mbili zimefungwa. Nafasi hiyo ni sehemu ndogo ya milimita, na kila mashini ina kipimo chake ndani ya kitabu chake. Mara nyingi supapu ya moshi inapewa zaidi, kwa kuwa inapata joto kali na kurefuka. Ikikosa nafasi haifungi, na inaungua. Baada ya kutembeza mashini na kuiacha ipoe, tulipima tena.

Sasa tuna daftari. Tunaandika saa za kazi, siku ya kubadili mafuta, siku ya kupima supapu. Chujio la hewa tunalisafisha mara kwa mara, maana vumbi la unga linaliziba na kuinyima mashini pumzi. Anayekaribia mkanda anafunga kitenge kwa nguvu, na watoto hawaingii. Mlango na madirisha vinabaki wazi, kwa sababu moshi ule unaua bila kelele.

Watoto walirudi shule na minerval imelipwa. Lakini faida iliyotupendeza zaidi ni kwamba sasa tunajua kuuliza. Vikundi vyenye mashini, fundi akiwaambia kulase imekufa, mwombeni mambo matatu: awasikilizishe hewa inatorokea wapi, awaonyeshe ufa au ukingo ulioungua, na amimine mazuti mbele yenu. Fundi mwema hatakasirika. Atakayekasirika amewajibu tayari.