Taa ya Bandani: Siku Arubaini Lancashire

Nilipofika Lancashire, kaskazini ya Uingereza, mwanzoni mwa Oktoba, Magharibi ilikuwa ikiingia mwendo wa saa moja kasorobo. Nilipoondoka mwisho wa Novemba, ilikuwa ikiingia kabla ya saa kumi jioni. Sisi wa Mombasa, ambao mwaka mzima jua letu halipishani na jana yake kwa zaidi ya dakika arubaini hivi, hatuna mazoea ya mchana unaokunjwa kama mkeka. Ilikuwa nikiweka sufuria ya chakula cha mchana, mara nasikia watoto wakirudi shule na kiza kikiwafuata nyuma.

Safari yangu haikuwa ya matembezi. Dada yangu alikuwa amejifungua mtoto wa tatu, mumewe hufanya kazi za usiku, na hakukuwa na mtu wa kumlea arubaini yake. Huko ugenini mzazi hutoka hospitali leo, na kesho yuko jikoni. Nilifunga safari na mdalasini, tangawizi, pilipili manga na nasaha za mama yetu, ambaye alinikanya jambo moja tu: nisimwache mdogo wangu anyanyuke kabla ya siku zake.

Mji wenyewe uko karibu na Bolton. Nyumba zake ni za matofali mekundu zilizoshikana safu kwa safu, na nyuma ya kila safu hupita kichochoro. Ng'ambo ya kichochoro kuna viwanja vidogo vya kukodi, ambamo watu hulima viazi na kabichi, na katika pembe za viwanja hivyo husimama mabanda ya mbao yaliyopakwa rangi. Nilidhani ni stoo za majembe. Kumbe ni nyumba za njiwa.

Zamani, viwanda vya pamba na migodi ya makaa ya mawe ilipokuwa ikifanya kazi kote Lancashire, aliyeshindwa kumiliki farasi wa mashindano alifuga njiwa wa mbio. Ndege hao hupakiwa katika lori, wakachukuliwa mbali mamia ya kilomita, wakafunguliwa wote kwa pamoja, na kila mmoja akarejea kwao. Kwa kuwa nyumba haziko mahali pamoja, mshindi hupatikana kwa kugawa masafa aliyoruka kwa muda aliotumia. Jirani ya dada yangu, mzee aliyefanya kazi mgodini ujanani mwake, alikuwa mmoja wa wafugaji waliobaki. Nilipomuuliza kama hucheza kamari juu yao, alicheka akasema hajaweka hata senti, na akanionyesha vikombe vyake vya fedha vilivyoingia vumbi. Nami nikamweleza kwamba Sultani Nuruddin Zengi katika karne ya 12, na Sultani Baybars wa Misri katika karne ya 13, walikuwa na posta ya njiwa iliyochukua habari za dola baina ya Misri na Sham. Tokea siku hiyo akanihesabu kuwa mtu wa maana.

Kijana wa kwanza wa dada yangu, wa miaka 13, ndiye aliyenipeleka bandani. Huyo ni mtoto mkimya, na shuleni hakuwa na rafiki wa kutajika. Lakini ndani ya banda lile alisema mpaka nikashangaa.

"Mama mkubwa, tazama," aliniambia, akamshika njiwa mmoja kwa mikono miwili na kulikunjua bawa lake taratibu. "Manyoya makubwa ya kurukia ni kumi. Hupukutika moja moja, kuanzia hili la ndani kwenda nje. Likianguka moja, jipya huota mahali pake, na likishafika kimo, la pili yake huanguka. Hivyo ndege hapotezi uwezo wa kuruka."

Njiwa wote hunyonyoka manyoya kila mwaka. Marehemu baba alifuga njiwa juu ya dari yetu Kibokoni, na kila mara tulifagia manyoya bila ya kujiuliza yametoka wapi. Lakini njiwa wachanga wa mbio wana shida yao, na shida hiyo hutokana na binadamu. Kinda aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka huanza kupukutisha manyoya ya bawa akiwa na umri wa majuma machache tu, na mbio za wachanga huangukia baina ya Julai na Septemba. Ili wasishindane wakiwa na mapengo, wafugaji huwafungia mapazia katika majira ya kuchipua. Mzee yule aliwapa mwangaza wa saa nane tu kwa siku mpaka katikati ya Juni. Mwili wa ndege husoma mwangaza kama sisi tunavyosoma jua kwa ajili ya sala. Ukiona mchana mfupi, hudhani bado ni baridi, na huyazuia manyoya ya bawa yasianguke.

"Ni mkopo," mzee aliniambia. "Mbio zikisha, deni huiva."

Na deni huiva wakati mbaya. Ndege hao huanza kubadili manyoya kwa kishindo katika vuli, mchana unapofupika na baridi kuingia, na wengine hukwama njiani. Bandani mlikuwa na wachanga 24, na wengi wao bado walikuwa na manyoya matatu au manne ya zamani kwenye ncha ya bawa. Asiyeyamaliza kabla ya baridi kali huingia mwaka unaofuata na vazi kuukuu, na pengine huliangusha katikati ya mbio.

Basi kuwasaidia ndiko kulikokuwa kazi ya vuli ile. Taa iliwashwa saa kumi na mbili asubuhi na kuzimwa saa nne usiku, ili mchana wao uwe wa saa 16 na mwili uendelee na kazi yake. Chakula kilibadilika. Unyoya karibu wote ni protini, kwa hiyo njegere kavu ziliongezwa, pamoja na alizeti na mbegu za kitani kwa ajili ya mafuta. Kulikuwa na maganda ya chaza yaliyopondwa, na beseni la maji ya kuoga mara mbili kwa juma, ili vile vifuko vinavyofunika manyoya machanga vilainike na kufunguka. Madume yalitengwa na majike wasije wakatamia. Hakuna kurushwa masafa, wala kushikwashikwa ovyo, kwa maana unyoya unaoota una damu ndani ya shina lake, na ukivunjika hutoka damu. Kijana wetu aliandika yote katika daftari: namba ya pete ya mguuni, na manyoya ya zamani yaliyobaki.

Nilirudi nyumbani nikamkuta dada amesimama mbele ya sinki, anaosha vyombo, siku ya 12 ya uzazi wake. Nilimrudisha kitandani kwa ukali ambao baadaye niliuomba radhi.

Mwanzoni mwa Novemba mzee alilazwa kwa upasuaji wa nyonga. Alimkabidhi kijana ufunguo wa banda na kumweleza maneno machache tu: chakula asubuhi na jioni, maji, taa. Kwa siku kadhaa mambo yalikwenda sawasawa. Kisha Alhamisi moja usiku mtoto mchanga akapatwa na homa. Baba yake alikuwa kazini. Tulitoka sote, mimi nimembeba mtoto, kijana ameushika mkono wa mama yake, na usiku ule pamoja na Ijumaa nzima tulikuwa hospitali. Alhamdulillahi, homa ilishuka. Jumamosi alfajiri tuliporejea, kijana aliusikia mlango ukifungwa, akasimama ghafla, akakimbia nje bila ya koti.

Njiwa walikuwa hai, wamejikunyata gizani, vyombo vitupu. Aliwalisha, akawasha taa, akarudi akajifungia chumbani. Mimi nilimwambia lililopita limepita, ndege hawajafa. Aliniitikia kwa heshima, lakini niliona hakubaliani nami.

Mzee alirudi akitembea kwa fimbo. Baada ya siku chache aliomba apelekwe bandani, nami nikafuatana nao. Alikamata njiwa wa kwanza, akakunjua bawa, akaliinua kwenye mwangaza wa taa. Kwenye unyoya mpya uliokuwa unaendelea kukua palikuwa na mstari mwembamba uliofifia, umekata kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kama mshono uliolegea. Akamchukua wa pili, naye ana mstari. Wa tatu hali kadhalika.

"Hapa palitokea nini?" aliuliza.

Kijana alisimulia yote, bila ya kujitetea. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mtoto, hajambo sasa?"

"Hajambo, babu."

"Basi vizuri." Akapitisha kidole juu ya mstari ule. "Unyoya ukishakomaa haulishiki tena. Siku ya njaa imeandikwa hapa, na ataruka nayo mpaka mwakani atakapoubadili. Pengine hautavunjika. Lakini sasa umejua kwa nini nawapa pumziko hili uzito kuliko mbio." Kisha akamrudishia ufunguo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amekwisharejea.

Nilibaki nikiufikiria mstari ule. Mama yetu hakusoma kitabu cha ndege, lakini alinikanya jambo lile lile. Wakati mwili unajijenga upya ndio wakati wa kuulisha na kuutuliza, na neema ya baadaye haiwezi kurudi nyuma kuziba pengo la siku zile. Tokea hapo nilipomwambia dada alale, nilimpa sababu, nikamweleza habari ya njiwa. Alicheka, akasema nimemfananisha na ndege. Lakini hakunyanyuka tena mpaka siku zake zilipotimia.

Nilirudi Mombasa kabla ya njiwa hawajamaliza. Mnamo Januari kijana alinitumia picha ya bawa lililokunjuliwa, manyoya kumi yote mapya, na mstari mmoja ukionekana kwenye la nane. Chini yake aliandika: "Mama mkubwa, wamemaliza 22. Wawili wamebakisha la mwisho. Taa bado tunaiwasha."